Ungo wa Kutoka Tura

Mimi ndiye niliyeleta ungo. Naanza na hilo ili msomaji asijichoshe kumtafuta mwenye kosa, maana watu wa kwetu wakisikia habari ya mtoto aliyeharibika huanza kuwapitia majirani mmoja mmoja mpaka wampate mchawi. Hapakuwa na mchawi. Palikuwa na ungo wa marehemu mama yetu, nilioubeba kwenye treni kutoka Tura nikiwa nimeufunga kwa kanga, na palikuwa na mimi niliyejiona nina akili kuliko wenzangu.

Jalala tulilokuja kulichimba liko nje kidogo ya mtaa wa Ipuli, pale nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza. Tulipofika halikuwa jalala tena. Taka za mji zilikuwa zimehamishiwa kwingine miaka mingi nyuma, lile la zamani likafukiwa kwa udongo, likaota majani, watu wakapanda viazi vitamu juu yake na wakavila. Siku moja mama mmoja alikuwa anafukua tuta, jembe lake likanasa waya mnene wa shaba. Akauvuta ukaja, akauvuta tena ukaja, mpaka akamwita mumewe. Mwezi haukwisha, shamba lote lilikuwa mashimo matupu na hakuna aliyekuwa anazungumzia viazi.

Mimi na dada yangu tulikuwa wachuuzi wa mchele. Tulipanga chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma. Dada alikuwa na binti wa miaka mitatu kasoro. Mumewe alikwenda Katavi kwenye machimbo ya dhahabu, akapiga simu mara mbili, kisha namba ikawa haipatikani. Mimi niliachika zamani bila mtoto na sioni sababu ya kuieleza habari hiyo hapa. Mwaka ule mvua ilikata mapema, mpunga ukakauka mbugani, mchele ukaadimika mpaka wa kula. Tukaazima sururu, tukaingia shimoni.

Watu hudhani kuchimba jalala la zamani ni sawa na kuokota makopo. Si sawa hata kidogo. Taka mpya zinanuka na zina nzi. Zile zilizolala miaka thelathini hazina hata funza. Juu kuna mifuko ya plastiki iliyoshikana, unaikata kwa panga. Chini yake matambara, kandambili, chupa. Ukifika kiunoni unakuta majivu, na chini ya majivu kuna udongo mweusi laini ambao wenye bustani za mchicha walikuwa wanakuja kuubeba kwa mikokoteni bila kuuliza ulikuwa nini kabla ya kuwa udongo. Vyuma vimetawanyika humo kote. Tulijifunza kuvitambua kwa mpini wa sururu: bati linalia, mfupa haulii, chuma cha maana kinakurudishia mtikisiko mpaka kwenye kiwiko.

Tulitoa rimu za baiskeli, vitasa, sufuria zilizotoboka, mabomba. Sufuria zilikwenda kwa mafundi wa mjini wanaoyeyusha alumini na kusubu sufuria mpya, na nilikuwa nafurahi, nakiri, nikiona sufuria inang'aa dukani na kujua mama yake nilimtoa mimi ardhini. Dada alipata pasi ya mkaa isiyo na kifuniko. Akaisugua kwa mchanga, akaiwekea kipande cha bati juu, akawa anampigia binti yake pasi gauni la kwenda kanisani. Gauni lile lilikuwa na mkunjo ulionyooka kuliko wa watoto wa walimu.

Mkunjo ule ulikuwa na kazi yake. Mama mkwe wa dada, mama wa Igalula, Mmoravian wa kweli kweli, alikuwa anakuja kumwangalia mjukuu wake kila baada ya miezi michache. Alikuwa anashuka kwenye treni na kuku chini ya kwapa, anaketi, anamgeuza mtoto huku na huku kama anayenunua kitenge. Alikuwa amekwisha kumwambia dada bila kuficha: ng'ombe walitolewa wote, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na siku atakayosikia analelewa vibaya atamchukua akalelewe Igalula. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo desturi, na hata baba yetu angesema hivyohivyo. Lakini dada alikuwa hana kitu kingine duniani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kwa mama mkwe, sisi tunauza mchele kama zamani. Akija tunanawa, tunaficha sururu nyuma ya choo, tunapika wali hata kama ni wa kukopa.

Kwenye kona ya magharibi ya jalala, karibu na mgunga mmoja uliokauka, watu walifukua kitu ambacho hawakukijua. Vilikuwa vibamba vya kijivu, vizito, vingine vimeoza vikawa chembechembe na unga mweupe uliochanganyika na udongo. Nani alivitupa pale na lini, sijui. Mnunuzi wa vyuma alivishika, akavikadiria kwa mkono, akasema ni madini ya risasi, yametoka kwenye mabetri ya zamani, na kuna watu wa Kigoma wanayataka kwa kutengenezea vizito vya kuzamisha nyavu. Akasema atachukua vibamba na chembe zake, ila hatanunua udongo. Yeye mwenyewe alikunja pua, akajipangusa vidole kwenye suruali, akaondoka.

Wenzetu wakahangaika. Chembe zile huwezi kuzidonoa moja moja, na chekecheo linapitisha chembe na udongo pamoja. Nikacheka. Sisi wa Tura tumezaliwa tunaona mama zetu wakitenga punje na pumba, mchele na chenga, chenga na mchanga. Kizito kinabaki, chepesi kinaruka. Nikasema, "Jamani, hamjaona ungo?" Nikapanda treni, nikauchukua ungo wa mama ulikokuwa umetundikwa kwa shangazi.

Ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Unatia viganja vinne, unarusha, unadaka, unatikisa kwa mkono wa kulia, vumbi linaondoka na upepo, chembe za kijivu zinakusanyika ukingoni zikiwa safi. Siku ya kwanza nilizungukwa na wanawake wakitazama mikono yangu. Mmoja akasema, "Huyu mdogo wako ana akili ya kishetani," na dada akajibu kwa majivuno kwamba tumerithi. Baada ya wiki moja kila shimo la kona ile lilikuwa na ungo wake.

Shimoni upepo ulikuwa wa kubabaisha, tena kulikuwa na wezi. Tukaanza kubeba udongo kwa viroba hadi nyumbani na kupepeta uani mchana. Na mtoto, kama watoto wote wa wapepetaji, alikaa miguuni pangu. Hiyo ndiyo picha ambayo siwezi kuiondoa. Mwanamke akipepeta mchele, mtoto humkalia karibu na kukinga kiganja, naye humtilia punje mbili tatu mbichi atafune. Mtoto wetu alizoea hivyo tangu enzi za mchele. Nilikuwa nikimaliza chembe nachukua mchele wa jioni, napepeta kwa ungo uleule, naye anakinga kiganja. Namtilia. Anatafuna, anasema, "Tena, mamdogo." Namtilia tena.

Kuna watakaouliza kwa nini sikuosha ungo. Aliyelelewa na ungo hawezi kuuliza. Ungo hauoshwi. Ukiloa unalegea, unaoza, unakuwa wa kutupa. Ungo unaugeuza, unaupiga makofi mgongoni, vumbi linatoka, basi, umekuwa safi. Mama alinifundisha hivyo na mama yake alimfundisha hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupepetea sumu.

Walianza kuku. Tulikuwa nao saba, wakidonoa uani nyuma yangu. Shingo zikalegea, wakawa wanatembea kinyumenyume, wakafa mmoja mmoja. Tukasema ni mdondo, maana mdondo ulikuwepo mitaa ya jirani. Yule wa mwisho tulimwahi kwa kisu kabla hajafa tukamla, na nakumbuka mtoto alipewa ini.

Kisha mtoto akaanza kukataa chakula. Tumbo likamuuma, akawa hapati choo, uso ukapauka. Alikuwa mtoto wa kucheka ovyo, akawa wa kulia ovyo. Akaanza kujikwaa pasipo na kitu. Maneno nayo yakawa yanampungua: kwanza ya juzi, kisha yale aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Duka la dawa likatupa dawa ya minyoo. Tukapima malaria, haikuwepo. Dada akasema labda amemkumbuka baba yake.

Mama wa Igalula alikuja katikati ya mambo hayo. Alimtazama mjukuu wake mara moja tu.

"Shikamoo mama," dada akasema, akipiga goti.

"Marahaba. Huyu mtoto anaumwa, nanyi mmekaa mnanitazama. Twendeni hospitali."

Tukaenda wanne. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye miwani. Alimpima mtoto kwa utulivu ambao sikuuona kwa wengine, akamfunua midomo akatazama fizi, akatazama tena. Kisha akaweka kalamu chini.

"Nyumbani mnafanya kazi gani?"

Dada alinitazama. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu, nasikia pumzi yake.

"Nauliza kwa sababu maalumu," daktari akasema. "Kuna mtu anayeshughulika na mabetri? Anayeyeyusha vyuma? Anayechimba madini?"

"Hapana, daktari," nikasema. "Sisi tunapepeta mchele. Tunauza sokoni."

"Ni kweli," mama mkwe akadakia. "Hawa wana mkono wa mchele tangu kwao Tura."

Nimejitetea mara nyingi moyoni. Nimejiambia kwamba kichwani mwangu betri ni lile boksi la kwenye gari, na zile chembe zilikuwa udongo tu wa jalala. Uongo. Aliposema mabetri nilimwona mnunuzi wa vyuma akijipangusa vidole kwenye suruali. Niliona, nikachagua. Nilichagua mtoto asiende Igalula. Daktari akaichukua tena kalamu, akaandika dawa ya kuongeza damu na ya tumbo, akasema turudi baada ya wiki mbili.

Tulirudi baada ya siku kumi na moja. Siku hizo zote mama mkwe alibaki kwetu, tukawa hatupepeti, ila viroba vya udongo vilikuwa vimepangwa ukutani uani na kufunikwa kwa turubai, na mtoto alilala mchana juu ya mkeka ubavuni mwa viroba hivyo kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Saa sita mchana wa siku ya kumi na moja akakakamaa. Macho yakapinduka, miguu ikawa inapiga mkeka. Jirani akapiga kelele kwamba ni degedege, aletwe afukizwe kinyesi cha tembo. Mama mkwe akaanguka magotini akaanza kuomba. Mimi nilisimama na kikombe cha maji mkononi, sikumbuki kilikuwa cha nini. Dada alimnyanyua mtoto, akakimbia naye barabarani hadi kwenye bodaboda.

Mimi na mama mkwe tulipofika hospitali, dada alikuwa mbele ya daktari yuleyule. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Daktari," alisema, "si mchele."

Akaeleza yote: jalala, vibamba, ungo, viroba uani. Aliyaeleza mbele ya mama mkwe wake bila kupunguza sauti. Daktari hakutufokea. Aliuliza ungo huo tunapepetea nini kingine, na hilo nililijibu mimi.

Damu ya mtoto ilipelekwa kupimwa mbali, sisi nasi tukapelekwa mbali baadaye, kwenye hospitali kubwa, akatiwa dawa ya kuivuta ile sumu ya risasi. Ilikuwepo nyingi. Uhai wake uliokolewa. Walituambia kwa lugha ya upole kwamba kilichokwisha kuharibika kichwani dawa haikirudishi, na kwamba siku za mapema zingesaidia. Hakuna aliyetaja siku kumi na moja. Nilizitaja mwenyewe, usiku na mchana, na bado nazitaja.

Mama wa Igalula alikuja kumwona mara moja baada ya hapo. Aliketi, akamwita mtoto kwa jina la ukoo, mtoto akawa anatazama ukuta. Akaomba sala ndefu kwa Kinyamwezi. Alipoinuka alimwekea dada mkono begani akasema, "Mlee mwanao." Akaenda stesheni, na hajarudi. Ukoo nao haukutuma mtu. Kile tulichokiogopa mpaka nikadanganya hakikuwepo tena. Mtoto alikuwa wetu moja kwa moja, hakuna aliyekuwa anamtaka. Siku ile nilimchukia yule mama kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, na nilijua kabisa kwamba nilikuwa namchukia badala ya kujichukia mwenyewe.

Watu wa serikali walikuja na glavu, wakachukua udongo uani kwetu. Mwenye nyumba akatufukuza, na kwa hilo simlaumu; tukapata chumba kingine si mbali na pale. Kona ya mgunga ikazungushiwa waya na kibao cha onyo chenye fuvu. Lakini waya ni chuma, na kibao kilikuwa cha bati. Havikumaliza mwezi, vilipimwa kwenye mizani ileile ya mnunuzi yuleyule. Tuliwaambia wenzetu wa shimoni. Wengine waliacha. Wengine walisema mtoto wetu alirogwa na bibi yake wa Igalula.

Mimi bado nachimba. Niandike na hilo pia. Nachimba upande wa mashariki, vyuma tu, na sina kazi nyingine. Dada anafua nguo za watu ili awe karibu na binti yake. Shimoni nikiwa nimesimama mpaka kifuani huwa naona magari ya wageni wanaokuja kutembezwa kwenye njia ya zamani ya misafara, wapagazi walikopita na pembe za ndovu kuelekea pwani. Wanasikitikia mizigo ya watu waliokufa zamani, wanapita. Mimi nainamia sururu.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, ungo mpya mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye mgunga. Nikatoka shimoni nikamfuata, nikamwambia aache, nikamwambia kwa nini. Akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote.

"Dada yangu," akasema, "sema tu hutaki nipate."

Nilikuwa na hasira ya kumnyang'anya ule ungo na kuuvunjia gotini. Badala yake nikamshika mkono. Nikamwambia twende, si mbali, utarudi kama utataka. Alikuja, nadhani kwa kuogopa sura yangu.

Dada alikuwa uani akisuuza mashuka. Binti yake alikuwa ameketi kizingitini; sasa ana miaka saba, mrefu kama baba yake, shule haikumpokea. Nikamwambia dada mgeni huyu ana ungo. Dada alimtazama yule mwanamke, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwake, akajifuta mikono.

"Muulize jina lake," akasema.

Yule mwanamke akachuchumaa. "Mwanangu, hujambo? Unaitwa nani?"

Binti yetu alimtazama mdomo ulivyokuwa ukitembea. Alisubiri mpaka ukasimama. Kisha macho yake yakaenda kwenye ungo, yakakaa hapo, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo hatujaiona miaka minne. Akaja mpaka miguuni pangu, akaketi chini, akakinga kiganja.

Nilikuwa nimetoka shimoni, sijanawa. Nikaweka mikono yangu nyuma.